Niliyojifunza Katika Kuuza na Kununua Nyumba za Kale za Lamu

Mtu akinipigia simu kutoka Nairobi au ng'ambo akiulizia nyumba ya mawe Mkomani, mtaa wetu wa kale hapa Lamu, jambo la kwanza analotaka kujua ni bei. Humjibu kwamba bei tutaifikia, ila kwanza tujue nyumba ni ya nani. Wengine hudhani nawazungusha ili niwapandishie. Mauzo niliyoyaona yakivunjika hapa Lamu, mengi hayakuvunjwa na pesa. Palikuwa na mtu mwenye haki katika nyumba ile ambaye hakuulizwa, na siku alipopata habari alikwenda kwa kadhi kuweka pingamizi.

Kazi hii niliipata kwa shangazi yangu, Mungu amrehemu. Hakuna aliyemwita dalali. Alikuwa mtu wa kuingia majumbani mwa watu: kwenye harusi, kwenye uzazi, kwenye misiba. Alijua nani kazaliwa chumba gani, nani kapewa nini na babake, na ndugu gani hawasemezani tangu lini. Familia ikifikiria kuuza, yeye ndiye aliyeitwa kwanza, kimyakimya, kabla maneno hayajafika sokoni. Madalali wa kiume huishia dakani, pale kwenye viti vya mawe vya mlangoni ambapo wageni wanaume hupokewa. Huko ndani, kwenye misana, yale mabaraza marefu ya ndani, na vyumba vya nyuma, ni kwa wanawake, na kwa desturi yetu nyumba nyingi za Mkomani ni mali ya wanawake hao.

Hili mnunuzi mgeni halijui, na vijana wetu wengi wamelisahau. Mzee wa Lamu mwenye uwezo alimjengea binti yake nyumba, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Kiwanja kikikosekana, alijenga juu ya nyumba yake mwenyewe au ng'ambo ya pili ya kichochoro, kisha akaziunganisha nyumba mbili kwa wikio, ile daraja ya chumba inayopita juu ya njia, ili mama na mwana watembeleane bila kushuka chini. Kwa hiyo nikipita chini ya wikio huwa najua kwamba pande zile mbili zilikuwa za watu wa tumbo moja, na kwamba ukitaka kuuza upande mmoja itabidi ukaongee na upande wa pili, hata kama makaratasi yanasema ni nyumba mbili tofauti.

Na makaratasi yenyewe yana mambo yake. Baba alimwambia binti, mbele ya watu wawili watatu wa mtaa, "Nyumba hii ni yako," na binti akakaa humo maisha yake yote, akazaa, akazika. Hakuna aliyeandika. Hati ikabaki kwa jina la babu. Leo wajukuu wa upande wa kiume wanaichukua ile hati na kusema nyumba ni ya mirathi, igawanywe. Wajukuu wa upande wa kike wanasema ilikuwa hiba, zawadi aliyoitoa akiwa hai, na mashahidi wote wako makaburini. Nimekaa kwenye vikao vya namna hii hadi usiku, na ninachowaambia watu ni kimoja: kama mzazi wako yuko hai na amekupa nyumba kwa mdomo, mpeleke kwa kadhi au kwa wakili akiandike alichokisema, wiki hii, msingoje apate nguvu.

Pasipokuwa na hiba, mirathi inafuata hesabu yake. Tuseme mwenye nyumba amekufa akaacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Mke anapata thumni, yaani moja ya nane. Saba zilizobaki zinagawanywa kwa watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja, hivyo kila binti anapata moja ya nane na kila mwana mbili ya nane. Hapo bado ni rahisi. Lakini familia hazigawanyi. Zinakaa nyumba ikiwa moja, na watu wanaendelea kufa. Binti mmoja akifariki, ile moja ya nane yake inavunjwa tena: mume robo, mama sudusi, yaani moja ya sita, kama yu hai, watoto wanachukua kilichobaki. Baada ya vizazi viwili unakuta nyumba moja ina wenyewe thelathini, mmoja yuko Mombasa, mwengine Jeddah, mwengine alihamia Muscat na hakuna mwenye namba yake. Kila mmoja ana haki, hata yule ambaye sehemu yake haifiki bei ya mlango wa choo.

Mahakama ya kadhi ndiyo inayotaja warithi na mafungu yao, na mimi simpeleki mnunuzi kuiona nyumba kabla karatasi hiyo haijatoka. Madalali wenzangu wananiambia nawakimbiza wateja. Wanaokimbia ni wale waliotaka kumalizana na ndugu mmoja mwenye shida ya pesa, na wateja wa namna hiyo afadhali wakimbie.

Nitaeleza nyumba moja kwa undani kidogo, kwa sababu ndiyo inayonijia kila ninapoanza mauzo mapya. Ilikuwa upande wa juu wa njia kuu, nyumba ya karne ya 18, ina misana miwili, zidaka za chokaa, yaani vishubaka, ukuta mzima wa ndani, kile chumba kikuu cha nyuma ya misana, na wikio linalokwenda kwa jirani. Warithi karibu wote walikwisha kukubali. Mnunuzi Mzungu alikuwa tayari na arubuni. Alibaki bibi mmoja tu, shangazi yao wa mwisho, ambaye fungu lake lilikuwa dogo kuliko yote. Vijana wakasema ataambiwa siku ya kutia sahihi, "ni mzee, hana neno." Nikawaambia mimi nitakwenda.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anachagua mchele. Nikamsalimu, nikakaa, tukaongea habari za watu. Aliniacha niseme yote, kisha akauliza, "Mwanangu, na mwana wa dada yangu atapitia wapi?" Yule mpwa wake, naye mtu mzima mwenye magoti mabovu, alikuwa akivuka wikioni kila siku kuja kukaa naye, kwa maana ngazi za kushuka njiani zilimshinda. Pesa hakuzitaja. Akauliza la pili: mlango utabaki? Na la tatu, kwa sauti ileile ya kawaida huku akitupa vijiwe vya mchele kando: kile chumba kidogo cha nyuma ya ndani, nyumba ya kati, mgeni atakifanya nini? Desturi imekiweka chumba hicho kwa uzazi na kwa kuoshea maiti. Mamake alioshwa humo.

Jioni nikakutana na mnunuzi, nikamweleza moja moja. Mlango hakuwa na nia ya kuugusa. Wikio alikubali hapohapo. Kuhusu nyumba ya kati akanyamaza, kwa sababu kwenye ramani zake chumba hicho alikuwa amekifanya bafu. Siku ya pili akaja na ramani nyingine, bafu limehamia upande wa choo cha zamani ambako maji yalikuwa yakienda tangu hapo. Wakili akaandika haki ya kupita wikioni katika mkataba na tukaiomba isajiliwe pamoja na nyumba, ili atakayenunua baadaye naye afungwe nayo. Siku ya sahihi yule bibi alikuwa wa kwanza kutia dole gumba. Vijana walishangaa. Sikuona la kushangaza: alikuwa ndiye pekee kati yao aliyekuwa na maswali, na yote yalikuwa yamejibiwa.

Tangu hapo kila mrithi namtembelea kwake. Simu haitoshi, na kikundi cha WhatsApp cha familia ndicho kibaya zaidi, kwa sababu mtu anayenyamaza humo huhesabiwa amekubali. Warithi wenyewe pia nawauliza kwanza kama kuna mmoja wao anayeweza kuwanunua wengine. Sheria ya dini inamtambua mshirika kwa shufaa, yaani haki ya kununua kabla ya mtu wa nje, na hata pale ambapo hakuna atakayedai, ni heshima kumwuliza ndugu kabla ya mtu baki, na jirani wa ukuta mmoja kabla ya mtu wa mbali. Mara nyingine watu wa Lamu walioko Ghuba huchanga na nyumba ikabaki nyumbani. Hayo ndiyo mauzo yanayonifurahisha kuliko yote, ingawa shukrani yake kwangu huwa ndogo.

Kuna nyumba ambazo haziuzwi kabisa: za wakf. Mwenye mali aliifunga kwa ajili ya msikiti, au kwa kizazi chake, na wakf hauuzwi, haurithiwi, hautolewi zawadi. Wanaokaa humo wana haki ya kukaa tu. Shida ni kwamba wakaazi wa kizazi cha tatu wanaweza wasijue, au wakajua wakanyamaza. Nimeshuhudia familia ikipokea arubuni ya nyumba ya wakf kupitia dalali mmoja wa mjini, pesa zikaliwa, na mnunuzi akabaki anazunguka ofisi za Mombasa akitafuta haki yake. Kwa hiyo nikikabidhiwa hati ya zamani, ile iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, na mipaka yake ikitajwa kwa majina ya majirani waliokufa zamani, naipeleka kwa maalim anayeisoma vizuri anisomee kila mstari, pamoja na yale yaliyoandikwa pembeni. Mara nyingi neno la wakf limo huko pembeni. Kisha naulizia kwa Makamishna wa Wakf. Inachukua muda. Mnunuzi asiyeweza kungoja namwachia dalali mwingine.

Haya, tuingie kwenye nyumba yenyewe, kwa maana hapa ndipo wanunuzi hupoteza pesa nyingi bila kujua.

Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe, mengi yalichimbwa Maweni kisiwani Manda, na chokaa iliyochomwa kwa mawe hayohayo. Dari limebebwa na boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake na dari la mawe na chokaa ni zito, ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, upana wake hauzidi sana mita 3. Mnunuzi anapoingia na kuniambia, "Ukuta huu tutautoa tupate sebule kubwa," namwomba atazame juu. Ukuta ule kati ya msana na ndani ndio uliobeba vichwa vya boriti za pande mbili. Ukiutoa, dari linakufuata.

Mimi huanza kukagua pale penye maji. Choo na birika, lile tangi la maji la chooni, kwanza. Birika la zamani lina bakuli la kaure lililopachikwa chini yake, na watu walikuwa wakiweka samaki wadogo humo wale viluwiluwi vya mbu. Nikiona birika limepasuka natazama ukuta wa upande wa pili kwa chini, na karibu kila mara nakuta chumvi imetoka nje kama unga. Kisha boriti. Katikati ya chumba boriti inaweza kuonekana nzima, imepakwa rangi nyeusi na nyekundu, ikapendeza. Uozo huanzia kwenye kichwa kilichoingia ukutani, ambako maji ya mvua yanashuka kutoka paani. Ninayo sindano ya gunia nitembeayo nayo. Naichoma pale boriti inapokutana na ukuta. Ikigota, sawa. Ikizama hadi kidoleni, nawaambia wote wawili, muuzaji na mnunuzi, kwa sauti moja, ili pasiwe na maneno baadaye.

Na saruji. Hili linaniuma. Muuzaji akisikia mgeni anakuja, anaita fundi, anapiga plasta ya saruji kuta zote na rangi nyeupe juu, nyumba inang'aa. Anadhani amepandisha bei. Ukuta wa matumbawe na chokaa unanyonya unyevu na kuutoa. Saruji inauzuia usitoke, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, jiwe linalainika na kuwa vumbi, na baada ya misimu michache ya mvua plasta yote inadondoka vipande vikubwa na uso wa jiwe la mzee wetu pamoja nayo. Zidaka zilizochongwa kwa mkono miaka mia mbili na zaidi iliyopita nimeziona zimezibwa kwa saruji ili ukuta uwe "sawasawa". Nyumba yenye nyufa zake za wazi na chokaa yake ya asili mimi naiwekea bei kubwa kuliko ile iliyosafishwa kwa saruji, na wanunuzi wanaojua wananiunga mkono. Kwa hiyo ukitaka kuuza, usikarabati. Fagia, toa popo, ziba paa lisivuje, basi.

Mnunuzi naye ajue gharama. Hapa hakuna gari linalofika mlangoni. Kila mfuko wa chokaa na kila boriti inashuka gatini na kubebwa na punda au mabegani mwa watu, kichochoro kwa kichochoro. Fundi anayejua kuchoma, kuroweka na kupiga chokaa ya kweli ana kazi nyingi na hana haraka. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti Februari 2018, mikoko nayo iliingia humo, na nyumba zilizokuwa zimefunguliwa dari zilikaa wazi zikinyeshewa hadi ruhusa ya mikoko ya Lamu iliporudi mwaka uliofuata. Aliyekuwa na boriti akibani alizikalia.

Na si kila unalotaka kufanya utaruhusiwa. Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1986, UNESCO ikauingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 ndiyo inayosimamia. Kuongeza ghorofa, kubadilisha dirisha, kubomoa ukuta, yote yanapitia ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Mimi humpeleka mnunuzi pale na michoro yake kabla hajatoa hata shilingi ya arubuni. Akisikia kwamba bwawa la kuogelea la paani halitakubaliwa, afadhali alisikie mapema.

Milango sasa. Familia ikibanwa, kitu cha kwanza kuondoka ni mlango. Mlango wa nakshi una wanunuzi wake, wanakuja na pesa mkononi na hawaulizi maswali. Sheria inalinda vitu hivi na kuvitoa nchini kunahitaji kibali, lakini mlango uliotolewa usiku kwa mashua haungoji kibali. Palikuwa na nyumba ambayo mnunuzi alitoa arubuni mwezi mmoja, akarudi kukamilisha mwezi mwingine, akakuta pale mlangoni pamepigiliwa mbao za plaiwudi. Kila ndugu alimtazama mwenzake. Bei ilibidi irudi mezani upya na udugu ukaharibika. Siku hizi kabla ya arubuni napiga picha ya kila kitu na kuandika orodha inayotiwa sahihi na pande zote: mlango na fremu yake, kizingiti, komeo, zidaka kwa idadi, vigingi vya ukutani, birika, hata mbao za ngazi. Wengine huona ni kama kuwashuku. Nawaambia orodha inamlinda asiyechukua.

Mgeni asiye raia akumbuke Katiba ya 2010. Kifungu cha 65 kinasema hawezi kumiliki ardhi milele. Anapata ukodishaji usiozidi miaka 99. Hata waliokuwa na umiliki wa kudumu kabla ya hapo waligeuziwa kuwa miaka 99. Kampuni nayo haimwokoi, maana inahesabiwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Pamoja na hayo bado wapo wanaoandikisha nyumba kwa jina la rafiki, la mpishi, la kijana wa mashua. Mambo yanakwenda vizuri hadi mmoja afe au waachane, na hapo warithi wa kijana wa mashua wanayo hati na mgeni ana risiti za saruji. Sishiriki katika hilo, hata niombwe vipi.

Kodi nitazitaja haraka kwa kuwa wakili atazieleza vizuri zaidi. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa mali ya mjini, na ni wa mnunuzi. Kodi ya faida ya mtaji ni ya muuzaji; ilirudishwa mwaka 2015 kwa asilimia 5 na tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Familia nyingi husikia habari ya hiyo kumi na tano wakati wameshagawana pesa kichwani. Waambie mwanzo, wakiwa bado wanahesabu mafungu.

Kuhusu misimu ya soko, nimeona watu wakipoteza nyumba kwa hofu na wengine kwa tamaa. Shela, kijiji kilicho kilomita 3 kutoka mjini, ndiko bei zilikoanza kutajwa kwa pesa za kigeni. Wazungu walinunua magofu, wakayajenga kwa uzuri mkubwa, sitawanyima haki yao, lakini leo kijana wa Shela akitaka kuoa hana pa kununua kijijini kwao. Kisha ikaja Septemba na Oktoba 2011, wageni walipotekwa nyara Kiwayu na Manda, na hoteli zikafungwa. Haijatulia, ikaja Juni 2014 na mauaji ya Mpeketoni, na amri ya kutotoka nje usiku. Halafu 2020 na korona. Kila mara simu zilikuwa za namna mbili: wenye nyumba wanaotaka kuuza kwa lolote, na matajiri wa mbali wanaonuia kuokota. Niliwasihi wote niliowajua wasiuze wakati ule. Wenye madeni hawakuweza kunisikiliza, na siwalaumu, lakini waliovumilia waliona bei ikirudi. Bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021 upande wa bara, iliwapeleka walanguzi kwenye viwanja vya huko. Mkomani haikubadilika bei sana kwa ajili yake, na nashukuru.

Nikiulizwa na familia ya Lamu ushauri wangu wa moyoni, sisemi uza. Nasema ipangishe nyumba kwa muda mrefu kwa mtu atakayeikarabati. Utaratibu huu uko hapa tangu zamani: mpangaji anatengeneza nyumba kwa gharama yake, kwa chokaa na boriti, anakaa humo miaka mtakayokubaliana, tuseme kumi na tano, kisha nyumba inarudi kwa wenyewe ikiwa imesimama. Warithi hawahitaji kugombana juu ya nani anachukua ngapi, kwa sababu hakuna kilichouzwa, na thumni ya bibi inabaki thumni ya bibi. Mgeni naye anapata nyumba ya kifahari aliyoitamani bila kufungia pesa zote kwenye hati ya miaka 99.

Utaratibu huo nao una ugumu wake. Baada ya 2011 wapangaji wengine waliondoka katikati ya kazi wakaacha nyumba haina paa. Kwa hiyo mkataba lazima useme paa na vichwa vya boriti kwanza, nakshi na mapambo baadaye. Useme saruji hairuhusiwi. Useme nani anakuja kukagua kila baada ya masika, na pesa ya dhamana iwekwe kwa wakili tangu mwanzo. Na useme pia kwamba familia ikitaka kufanya harusi au kusoma hitma nyumbani kwao, itafunguliwa mlango. Wapangaji wazuri niliowapata hawakukataa kipengele hicho hata mmoja.

Sasa hivi ninayo nyumba moja ya namna hiyo mikononi, jirani na wikio, ya dada wanne na watoto wa kaka yao. Watoto wa kaka wanataka iuzwe, kina mama hawataki. Fundi ameweka nguzo za muda chini ya dari la ndani kwa sababu sindano yangu ilizama boriti tatu mfululizo, na masika yako karibu. Kuna mtu wa Mombasa, mzaliwa wa Lamu, aliyekubali kuikarabati kwa mkataba wa miaka kumi na nane. Kikao cha warithi kimewekwa baada ya Idi, ukumbini kwa dada mkubwa. Nimewaomba vijana wapande basi waje wenyewe, na mmoja wao aliyeko Jeddah ampe mamake uwakala kwa maandishi kabla ya siku hiyo.